Wimbo wa Vidonge

Kwa Wanubi wa Nateete, harusi bila ngoma ya doluka si harusi, na doluka bila Kaltumi haikunoga. Yeye alianzisha, wanawake wakaitikia. Upande wa bibi harusi huwaimbia upande wa bwana matusi, kwamba ni mafukara, kwamba mama yao hajui kupika, na ngoma ikiisha wote hula sinia moja wakicheka. Tusi la doluka huachwa pale pale uwanjani.

Kwa hiyo Sadik wa chama cha Taa alipokuja kuomba wimbo wa kampeni, Kaltumi hakuona ubaya. Wapinzani wao, chama cha Daraja, walikuwa wamefungua zahanati ya wazee kule Nakawa, dawa za presha bure, na wazee waliwapenda mno. Sadik alitaka maneno ya kuwashusha. Kaltumi akayatunga huku anachambua mchele:

Kidonge cha Daraja, ukimeza unalala,
Unalala, mama, unalala.

Ukaenea. Magari ya kampeni yakaupiga kutwa. Watu wa Daraja nao wakajibu kwamba Taa wanataka wazee wafe ili wauze kiwanja cha zahanati. Kaltumi alicheka, akasema hao nao wamejibu vizuri. Na kila asubuhi, baada ya chai, alimeza kidonge chake cha Daraja.

Mdogo wake Ruqaiya, aliyekuwa akikaa kwa binti yake huko Bugolobi, alimwitikia kwenye ngoma tangu usichana wao. Tangu lini mwitikiaji akauliza kama wimbo ni kweli? Siku moja alianguka akifua. Kaltumi alipofika hospitali alimkuta nusu ya mwili imekufa, mdomo umekwenda upande, hana neno hata moja.

Latifah, binti wa Ruqaiya, alikuwa amekuta vidonge vya Daraja chini ya mto wa mama yake, havijaguswa.

"Nilimsihi, mama mkubwa," alisema bila kumtazama. "Akaniambia wewe huwezi kumwimbia uongo."

Sadik alifika na mpiga picha. Alitaka watu waone dawa ya Daraja ilivyomfanya mzee wa watu. Kaltumi akamweleza kwamba Ruqaiya hakumeza dawa, na ugonjwa umetoka hapo hapo.

"Haboba," Sadik alisema kwa upole, kama anayembembeleza bibi yake, "hilo tulinyamazie mpaka kura zipite."

Kaltumi alimfukuza. Jioni wakaja wa Daraja na mpiga picha wao, wakawalaani waongo waliomponza mama huyu. Walimpa pole Kaltumi, wakamshika mkono wote, mmoja mmoja. Hawakujua mwongo ndiye waliyemshika mkono. Naye hakuwaambia.

Walipoondoka alivuta kiti karibu na kitanda. Muuguzi alikuwa amesema mgonjwa asemeshwe.

"Ruqaiya, sema nami," alimwomba. "Hata ukinitukana."

Midomo ilihangaika, ikatoa mate tu. Kisha mkono ule mzima ukaanza kugonga pembeni mwa kitanda, taratibu, mdundo wa doluka, na sauti ikatoka, safi, kama ya zamani:

"Unalala, mama, unalala."

Akanyamaza pale mwitikiaji anaponyamaza, macho kwa dada yake, akingoja aendelee.