Marijani Acheza Dansi kwa Ajili ya Zipu

Marijani alikuja Guangzhou kununua nguo za watoto za kupeleka Kariakoo, lakini moyo wake ulikuwa kwenye majaketi ya ngozi ya Kimarekani ya zamani. Alikuwa nayo kumi na saba nyumbani kwake Magomeni, mahali ambapo hata shuka huleta joto, na kila moja alikuwa amelikadiria umri: kwa zipu, kwa lebo ya shingoni, kwa bitana, na ikibidi kwa kunusa kwapa. Mkewe aliyavumilia yote isipokuwa hilo la kwapa.

Asubuhi moja ya Januari, baridi ikiwa imeshika, alikuwa akikatiza bustani ya Liuhua kuelekea masoko ya Guangyuan Xilu. Alikuwa na Floribert, mfanyabiashara wa Lubumbashi mwenye ugonjwa huohuo wa majaketi. Akina mama wazee wa Kichina walikuwa wakicheza dansi wawili wawili mbele ya spika ndogo ya magurudumu. Marijani alisimama ghafla mpaka Floribert akamgonga mgongoni.

Mmoja wa wale akina mama, mfupi, wa miaka sabini hivi, alikuwa amevaa jaketi la rubani la ngozi ya farasi, rangi ya kahawia iliyochujuka viwikoni.

"Mwaka thelathini na tisa," alisema Marijani kwa sauti ya chini. "La kabla Marekani haijaingia vitani."

"Non, Papa Marijani. Iko ya quarante-trois," alisema Floribert. "Arobaini na tatu, vita iko katikati. Angalia kola."

Walibishana mpaka wimbo ukaisha. Kishikio cha zipu ndicho kingeamua, na zipu yenyewe ilikuwa kifuani mwa mama wa watu. Hapakuwa na njia ya kuikagua bila kucheza naye.

Marijani hakuwahi kucheza dansi. Hata kwenye harusi yake mwenyewe alikaa kitini mwanzo mwisho. Lakini alimwendea yule mama, akainama kidogo na kunyoosha mikono, huku moyoni akisema Mola anajua nia yangu ni zipu. Yule mama akamtazama kuanzia juu mpaka chini, akampokea.

Mzunguko wa kwanza alimkanyaga mara nne. Wa pili akaona kuwa kishikio kina umbo la kengele, kama vya miaka ya thelathini, jambo lililompa moyo. Wa tatu aliinamisha kichwa mno ili asome maandishi, wakagongana vipaji vya uso.

Floribert, ambaye kiuno chake kilisoma kuliko yeye mwenyewe, akaingia badala yake. Alimzungusha yule mama mpaka jaketi likafunguka, na kila alipompitia Marijani alimpa taarifa.

"Bitana ni ya sufu." Akazunguka. "Chini ya kola kuna namba saba." Akazunguka tena. "Mfuko ya kushoto imepinda. Minakwambia, iko ya vita."

Walirudi kesho yake, na kesho kutwa yake pia. Siku hiyo ya tatu Muzdalifa alikuja kuwatafuta. Alikuwa Mzanzibari aliyeishi Guangzhou miaka kumi na miwili akisafirishia watu mizigo, na Kichina alikisema kama maji. Alianza kwa kuwapiga video, ndipo akasalimia.

"Kaka Marijani, kontena linafungwa Ijumaa, na wewe uko hapa umeshikwa kiuno."

"Nipo kazini, dada yangu. Hebu muulize mama huyu, jaketi lake la Kimarekani kalipata wapi?"

Muzdalifa akauliza. Yule mama, ambaye jina lake lilikuwa Bi Liang, alijibu kwa kirefu, na wenzake wakaanza kucheka kabla tafsiri haijafika.

"Anasema kalishona mwenyewe," alisema Muzdalifa.

Wanaume wawili wakaitazama tena zipu.

"Mwaka tisini na sita, kiwandani, hapahapa Guangzhou. Mteja kutoka Japani alileta jaketi kuukuu la Marekani, akataka ashonewe mia tatu yafanane nalo mpaka kwenye uchakavu. Hili moja lilikataliwa kwa sababu ya mfuko, akapewa yeye."

Floribert akatabasamu kwa huruma. "Madame anakosea. Ile mfuko ndiyo ushahidi. Wakati wa vita wanawake wa Amerika walikuwa wanashona na haraka."

Muzdalifa akatafsiri, akasikiliza jibu, akajizuia asicheke. "Anasema haraka ilikuwepo kweli. Siku hiyo tumbo lilikuwa linamwendesha."

"Na namba saba?" aliuliza Marijani.

"Ya meza yake kiwandani."

"Mwambie afikiri tena," alisema Floribert.

"Hilo silitafsiri," alisema Muzdalifa.

Marijani alijikuta anafurahi, na hakujua kwa nini mpaka alipotafakari. Majaketi yake yote kumi na saba yalikuwa ya "kama mwaka fulani hivi". Hili lilikuwa na mtu aliyekuwepo lilipozaliwa. Akaomba auziwe.

"Bu mai," alijibu Bi Liang, yaani hauzi, na hilo hata Marijani alilielewa bila mkalimani.

Kisha Bi Liang akalishika jaketi alilovaa Marijani, fahari kuu ya yale kumi na saba, la mwaka kama arobaini na nne hivi. Akapitisha kidole kwenye zipu, uso ukamkunjamana.

"Anauliza nani alikushonea zipu hii," alisema Muzdalifa, "na kama mtu huyo bado yuko huru."

Marijani alitazama chini. "Fundi mmoja wa Kariakoo."

"Uliniambia zipu iko original," alisema Floribert polepole. "Uliapa."

Bi Liang alikuwa ameshamvua Marijani jaketi na kuelekea nyumbani kwake, ghorofa ya pili nyuma ya bustani, nao wakamfuata. Kwa saa nzima Marijani alikaa kando ya cherehani amevaa koti la pamba la Bi Liang, lenye maua mekundu na mikono iliyoishia viwikoni, akinywa maji ya moto. Bi Liang alifumua zipu yote, akaishona upya kwa kufuata matundu ya zamani, tundu kwa tundu, akiguna kila alipokuta kazi ya yule fundi. Alipomrudishia jaketi, Marijani aliigeuza zipu chini ya taa, nje na ndani, asione ilipoguswa.

Floribert naye aliikagua kwa muda mrefu. Kisha akakohoa.

"Dada Muzdalifa," alisema, "muulize kama kesho ana nafasi. Niko na jaketi moja hoteli. Mgongo yake si ya kwake."