Jogoo wa Wangare

Kaeni vizuri niwasimulie, na wewe uliyemshika paka mkia, mwachilie kwanza. Sipendi kurudia maneno.

Mwaka wa hamsini na moja, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba moja kule Rongai, kulikuwa na msichana wa miaka saba aliyeitwa Wangare. Alipewa jina la nyanya yake, mama mzazi wa baba yake. Na kwetu sisi Wakikuyu, ukipewa jina la mtu, wewe ndiye huyo mtu. Kwa hivyo baba yake, Ndung'u, dereva wa trekta, alimwita "mama", tena bila mzaha hata kidogo.

Haya, mpe mtoto cheo kama hicho uone. "Ndung'u, umenawa?" huuliza wakati wa chakula, na mwanamume mzima huinuka akanawe. Mama yake, Mugure, akimtuma akalete kuni, Wangare humtazama kutoka juu hadi chini. "Mke wa mwanangu, siku hizi unatuma mama mkwe?" Mimi ningemzaba kofi. Lakini nani anataka kumzaba mama mkwe kofi?

Jumamosi moja habari zikafika kwamba nyanya mwenyewe anakuja kwa gari la moshi kutoka Naivasha. Mugure akamtazama jogoo wao. Jogoo huyo aliitwa Karani, kwa sababu alitembea kifua mbele kama karani wa shamba akikagua vibarua. Wangare alimlea tangu akiwa kifaranga, na baridi ikizidi alimlaza chini ya blanketi lake. Alipomwona mama yake akinoa kisu, alimkimbilia baba yake.

"Ndung'u, mama yako amekataza," akasema. "Karani hachinjwi."

"Na mgeni ale nini?" Mugure akauliza. "Nimpe viazi vitupu?"

"Anayekuja si Wangare? Basi Wangare anataka viazi."

Mugure akamgeukia mumewe. Ndung'u akatazama paa, akatazama viatu vyake, mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Mama ameshasema." Kisu kikarudishwa mahali pake. Mugure hakumsemesha mumewe mpaka giza likaingia.

Kesho yake nyanya akafika, mwembamba, kiondo mgongoni, macho hayapitwi na kitu. Alipofunua sufuria akakuta viazi na mahindi, akaifunika tena polepole. Wakati huohuo Karani alikuwa akipita mlangoni.

"Ndung'u mwanangu, kuku siku hizi hawaliwi hapa?"

"Mama alikataza," Ndung'u akajibu.

"Mama yupi?"

"Wewe."

Nyanya akageuka. Akamtafuta Wangare kwa macho, akamwona nyuma ya mlango, amejikunyata. Wakatazamana. Kisha midomo ya nyanya ikaanza kumcheza kwa kicheko alichokizuia.

"Kumbe nilikataza," akasema. "Basi nipakulieni viazi."

Wangare alijiona ameshinda dunia nzima. Aliringa siku ile mpaka majirani wakakereka.

Jumatatu asubuhi nyanya akajifunga leso yake tayari kwa safari, akasimama uani. "Yule jogoo ni wa nani?" akauliza.

"Ni wa Wangare," Wangare akadakia upesi. "Wa Wangare peke yake. Mtu mwingine asimguse."

"Ndivyo nilivyofikiri," nyanya akasema. Akainama, akamkamata Karani, akamtia ndani ya kiondo, kichwa nje. "Kuku wangu kule nyumbani hawana jogoo."

Machozi yakamlengalenga Wangare. Akamshika baba yake suruali. "Ndung'u, mwambie mama yako anirudishie jogoo wangu."

Ndung'u alikuwa ameshakitia kiondo begani, anaelekea stesheni.

"Lakini mama," akamwambia binti yake kwa heshima zote, "si umemchukua mwenyewe?"

Mugure alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kujipangusa macho, akamtuma Wangare akalete kuni, na Wangare akaenda.