Sadaka ya Kwanza ya Pullayya

Kwetu mke halitaji jina la mumewe. Akilitaja, wanasema anampunguzia umri. Mimi ndoa nzima nilimwita Baba Suri, kwa jina la binti yetu, na akiwa mbali nilitikisa bangili mpaka ageuke. Leo nasema Pullayya, wazi kabisa, na yupo hai, ana afya kunishinda.

Mwaka ule, mpunga ulipokwisha kuvunwa, hema la sinema lilisimikwa shambani kando ya mfereji. Filamu ilikuwa moja tu, maisha ya mtakatifu Kesanna, mfumaji aliyekiacha kitanda chake cha kufumia nguo akamfuata Bwana Vishnu. Tulivua viatu nje kama hekaluni. Kesanna akitokea, wanawake walipasua nazi na kuwasha kafuri mbele ya pazia, mpaka mwenye hema akapiga kelele, "Jamani, mtaniunguzia Mungu!" Mama mkwe wangu, Mangamma, alisujudu kila mara mtakatifu alipotokea, na kwa kuwa alitokea sana, bibi yule aliona mchanga kuliko alivyoona sinema.

Kipande kilichotutoa machozi ni kile cha mke. Mwanamume mwenye mke havai nguo ya utawa mpaka mkewe amruhusu kwa kinywa chake mwenyewe. Kisha huja mlangoni kwake na bakuli, humwita mkewe "mama", na yule mke humpa wali, sadaka yake ya kwanza. Hapo ndoa imekwisha. Mke wa Kesanna alitoa wali huku akitabasamu, na maua yakamwagika kutoka mbinguni. Nililia mpaka nguo ikalowa.

Pullayya alikuwa mkamuaji wa mafuta ya ufuta, yeye na kinu chake na ng'ombe. Akaanza kwenda hemani kila jioni. Akaacha kula samaki. Mimi nikajisifu, nikaona mume ameiva kiimani. Asubuhi moja akamsimamisha ng'ombe katikati ya kazi, akaketi chini.

"Mama Suri, niruhusu."

"Uende wapi? Ufuta umo kinuni."

"Kashi, mji mtakatifu. Kesanna ameniita."

"Amekuita kwa jina? Maana kina Pull... wenye jina hilo ni wengi hapa kijijini."

Hakucheka. Akagoma kula. Mama yake akalia kwa fahari, majirani wakajaa barazani, na Nukamma, shoga yangu, ndiye aliyenibana zaidi.

"Ademma, we mwanamke! Mke wa Kesanna aliuliza habari za ufuta?"

"Mke wa Kesanna alilipwa kuigiza, Nukamma."

"Unamzuia mtu na Mungu wake kwa sababu ya kitanda?"

Wakacheka, nami nikaona aibu. Nilimtazama Pullayya, mashavu yamebonyea, nikaamini. Nikasema, "Nenda."

Kesho yake alisimama kizingitini, kichwa kimenyolewa, nguo rangi ya chungwa, kijiji kizima nyuma yake. "Mama," akaniambia, "nipe sadaka." Neno lile lilinipita kama sindano kwenye ukucha. Nikamwekea wali wa samli na achari ya maembe aliyoipenda. Hakuinua macho. Nilidhani ni utakatifu.

Wiki ileile hema likang'olewa, likaenda zake. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili, mimi ndiyo kabisa.

Wanawake wakaanza kunigusa miguu njiani kwa heshima, mke wa mtakatifu. Nikamfuata ng'ombe kukizunguka kinu. Samaki sikula, maana yeye huko hali. Godoro nililikunja, nikalala sakafuni, maana yeye huko amelalia mawe. Mgongo wangu ulikuwa Kashi, nami sijawahi kufika.

Msimu mwingine wa mavuno nikapeleka mafuta kwenye sikukuu ya mungu mke kule Mandapeta. Nikaliona hema lilelile, filamu ileile. Nikasema niingie, nilie kidogo, mwenye haki ya kulia ni mimi. Kwenye lango la wanawake alikaa Ratnam, yule aliyekuwa akituuzia tiketi kwetu, maua mapya kichwani. Nyuma yake mwanamume amechutama juu ya jani la mgomba, anachambua samaki wa kukaanga. Nywele zimemwota, zimepakwa mafuta.

"Umezidisha chumvi kidogo, mpenzi," akamwambia Ratnam.

Sauti naijua. Nikajifunika ushungi, nikalipa, nikaingia. Nikakaa mpaka kipande cha mke. Hema zima likalia kwikwi. Mimi macho makavu kama mashudu. Niliporudi nyumbani sikusema neno kwa mtu. Nilikunjua godoro tu.

Mvua zikaja, mahema yakafungwa, na Ratnam akampata mwenye duka la vyombo. Ndipo Pullayya akatokea kizingitini kwangu, nguo ya chungwa imemfubaa, Mangamma akimlilia shingoni na majirani mbio mbio nyuma.

"Mama Suri," akasema, "Bwana amenirudisha kwako."

"Kwa njia ya Mandapeta?"

Masikio yakamwiva.

"Mandapeta kuna nini?" Nukamma akauliza.

"Samaki," nikasema. "Amezidi chumvi kidogo."

Mangamma akanishika mkono. "Mwanangu, mume ni mume. Mfungulie."

"Mama mkwe, mume wangu alikwisha kwenda, nanyi mlimsindikiza. Huyu aliniita mama mbele yenu wote. Sasa mnataka nilikatae neno lake?" Nikamgeukia. "Karibu, Pullayya, mwanangu. Nawa mikono, ule."

Nukamma akajiziba mdomo. Pullayya aliyumba kana kwamba nimemzaba kofi, na kwa kweli kofi lingekuwa jepesi kuliko jina lile.

Sasa analala barazani, anakizunguka kinu. Alfajiri namwita kwa sauti, wasikie mpaka ng'ambo ya mfereji: "Pullayya! Ng'ombe ana njaa!" Nukamma anasema nimezidi. Huenda. Yeye hakulala sakafuni.

Mara nyingine Pullayya hujisahau, huja mlangoni na sahani yake akaniita Mama Suri, kwa sauti ileile ya zamani. Moyo unaruka, mjinga huyu. Lakini sigeuki. Nakoroga chungu changu, naye anasimama pale na sahani tupu, mpaka akumbuke neno lake mwenyewe la siku ile ya bakuli: "Mama."