Sauti ya Azarias Ndani ya Mashine

Wewe, mtu usiyemjua akikuuliza zizini kwako mna ng'ombe wangapi, ungemwambia? Nyirakamana hakulelewa hivyo. Kwao Minembwe mgeni akiuliza hesabu ya ng'ombe hujibiwa, "Tuko na ka maziwa ka batoto," na maneno yanaishia hapo.

Basi aliposhuka mjini Baraka na kompyuta ya marehemu mumewe, kaifunga kwa kitenge cha kijani na kuipakata juu ya pikipiki njia nzima, fundi Bertin akamuuliza kama anayemwita bibi yake, "Koko, ndani muko nini?" Akajibu vilevile: "Hamuna kitu. Inachelewa tu kuwaka."

Kumbe mlikuwa na sauti ya mumewe Azarias. Mzee alijirekodi kabla hajafa, akiwaita ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja, na kikohozi chake katikati. Kwingine sauti ile haipo. Na pale dukani vijana walikuwa wakijaziwa nyimbo kwenye simu zao. Leo nyimbo, kesho mume wangu anauzwa sokoni Kazimia, akawaza. Akasogeza kiti mpaka goti likagusa meza.

Bertin akaiwasha, na kwenye kioo vikatokea vipande vidogo vya mraba, vyekundu na vya buluu, vikihama huku na huku.

"Unabipeleka wapi?"

"Sibipeleke fasi yoyote, Koko. Bitu bya ndani ya diski bilitawanyika, nabirudisha pamoja."

"Na ile waya nyeupe inaenda wapi?"

"Ni ya panka."

Akaifuata kwa macho mpaka kwenye panka. Hata hapo hakuridhika.

Mara vile vipande vikasimama. Mashine ikalia ka, ka, kama ng'ombe aliyekosa chumvi anapotafuna mfupa. Bertin akaacha kupanga, akaikagua diski, akatikisa kichwa.

"Diski iko na bidonda. Nikiendelea kuipanga, inaweza kufa. Kama mungekuwa kitu ya maana, ningeitoa kwanza. Lakini umesema hamuna. Basi nafuta yote, tuanze upya."

"Ungeitoa uweke wapi?"

"Kwa flashi, nikupe mu mukono."

"Na wewe ubakie nayo."

"Koko, mi nitabakia aje na kitu yenye haiko?" Akacheka, akapeleka kidole kwenye kitufe.

Nyirakamana akamdaka mkono, akaushikilia.

"Bwana yangu iko mule," akasema. "Azarias. Anaita ng'ombe zake. Nataka nimusikie."