Nyumba ya Bi Shemsije Imelala

Jumanne saa nne asubuhi, polisi mmoja aitwaye Radoje alikaa jikoni kwa Bi Shemsije, akanywa kahawa ya vijiko viwili vya sukari, akasifu harufu ya pilipili zilizokuwa zikichomwa jikoni, kisha akatoa fomu na kuandika kwamba mwenye nyumba hakupatikana kwenye anwani yake.

"Radoje, mwanangu, kwani huyu si mimi?"

"Ni wewe, mama. Lakini mimi nimetumwa kuandika, sikutumwa kuona."

Akashukuru kwa kahawa, akaenda zake.

Waalbania wa bonde lile la kusini mwa Serbia wameshachoka kuyaeleza mambo haya. Ukiandikwa hukupatikana, ofisi ya mjini inasema anwani yako imelala, na mwenye anwani iliyolala hapewi kitambulisho kipya. Cha Bi Shemsije kilikuwa kimekwisha muda wiki iliyopita. Alikihitaji kwa jambo moja tu: dada yake, Fetije, alikuwa mahututi upande wa Kosovo, kilomita kumi na nne kutoka pale, na kwenye kizuizi cha mpakani hawamvushi mtu bila kitambulisho.

Alhamisi barua ya ofisi ilifika, na nyumba ikalala. Madirisha yalijifunga, kuta zikaanza kupanda na kushuka taratibu, na kufikia adhuhuri ilikuwa inakoroma mpaka sufuria zinagongana. Bi Shemsije aliongeza sauti ya redio, akaendelea kumenya pilipili.

"Shoga, nyumba yako inakoroma," alisema jirani yake Desanka, Mserbia, akiwa upande wa pili wa ua.

"Wameilaza."

"Wameilaza! Na ya mwanangu Miodrag je? Yuko Austria mwaka wa kumi na moja huu, hata panya wamehama!"

Nyumba ya Miodrag ilikuwa ng'ambo ya barabara, macho makavu, madirisha wazi, haina mtu. Desanka alipandwa na hasira kuliko hata mwenye nyumba. Alivaa koti, akamshika mwenzake mkono, wakapanda basi hadi mjini.

"Naapa mbele yenu huyu mama yupo," Desanka alimwambia karani. "Miaka arobaini anaazima chungu changu na harudishi."

Karani alimgeukia Bi Shemsije. "Nyumba inakoroma au haikoromi?"

"Inakoroma."

"Sasa mnabisha nini? Imelala."

"Kwa hiyo mtu akisinzia ndiyo hayupo?" Desanka alifoka. Karani alikuwa amesinzia. Desanka akajaza fomu ya malalamiko, akamwekea chini ya kiwiko.

Ijumaa alikuja mheshimiwa wa chama cha Waalbania, akapiga picha akiwa ameegemea ukuta unaopumua, akasema tukiingia Umoja wa Ulaya nyumba zote zitaamka. Aliondoka na mtungi wa pilipili. Jumamosi ikaja Ulaya yenyewe: Bwana Lindqvist, mwangalizi wa Umoja huo, mrefu, mpole, na mkalimani wake. Alitega sikio ukutani, akahesabu mikoromo kwa saa ya mkononi, akaandika.

"Mbona unanong'ona?" aliuliza Bi Shemsije.

"Samahani, mama. Sipendi kuiamsha."

Aliandika kwamba usingizi ni wa wastani na mwelekeo unatia moyo. Jamani! Bi Shemsije alimtazama akitoka kwa kunyata, akatamani kumrushia mwiko.

Jioni Fetije alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Unakuja lini, we?"

"Nakuja, dada. Kuna karatasi tu."

"Fanya haraka basi. Zangu zimeshakamilika."

Alifariki Jumapili alfajiri, akazikwa adhuhuri. Bi Shemsije alifika hadi mpakani, akarudishwa, akakaa msiba wake jikoni. Wanawake wa kijiji walikuja, Desanka akiwa wa kwanza, wakalia kwa sauti zote walizokuwa nazo. Bi Shemsije aliupiga ukuta kwa ngumi mbili. "Amka! Amka, mshenzi we! Dada yangu amekufa!"

Nyumba ilishusha pumzi, ikageukia ubavu wa pili, ikaendelea kulala. Vikombe vilianguka. Mlango, uliokuwa ukitazama barabara, sasa ulitazama mlima. Wanawake walimaliza kulia, wakatokea huko huko mlimani, wakiinua sketi zao kwa sababu ya matope.

Jumatatu malalamiko ya Desanka yalijibiwa, jambo ambalo ni nadra. Radoje alitumwa kuhakiki upya. Alisimama kando ya barabara, akabisha hodi mara tatu ukutani, pale mlango ulipokuwa.

"Nipo!" Bi Shemsije alipaza sauti kutoka ndani. "Zunguka nyuma!"

"Nakusikia, mama. Pole sana kwa msiba."

Akatoa fomu, akaandika kwamba amebisha mara tatu na hakuna aliyemfungulia mlango, na safari hii ilikuwa kweli.