Ubao Unaokatika

Pikapu ilikuwa imeshatoka uani, na fundi cherehani amebanwa kiti cha mbele katikati ya watu wawili: huku wifi yake anaendesha, huku mumewe ametoa kiwiko dirishani anapiga mluzi. Nyuma ulilazwa ubao wa mumewe, ule wa kupandia mawimbi, ndani ya mfuko mpya wa turubai alioushona fundi mwenyewe. Mfuko ulipendeza. Mume aliusifu asubuhi, akasema vyaelea vimeundwa. Asichokijua ni kwamba mle ndani ubao ulikuwa vipande viwili.

Mume huyo watu walimwita Bata, kwa kuwa tangu utotoni hakauki. Wifi alikuwa anawapeleka kituo cha basi, Bata akajaribiwe kazi katika hoteli ya ufukwe wa mbali: kufundisha wageni kusimama juu ya mawimbi. Sharti kila mtu aje na ubao wake. Mkewe hakuitaka safari hiyo, wala hakuficha. Juzi wakati wa kula alisema, mbele ya wifi, "Heri huo ubao uvunjike tujue moja." Wifi akamwonya kwamba maneno huumba. Wakacheka.

Jana yakaumba. Fundi alikuwa ameulaza ubao juu ya stuli mbili apimie turubai. Sasa yeye, tangu aanze kazi, hajui kukata kitambaa akiwa amesimama. Hupanda mezani, akapiga magoti, mkasi ukatembea mbele yake. Mazoea yana taabu. Aliupanda ubao kama anavyoipanda meza. Ukalia ta! kama ukuni mkavu, akajikuta sakafuni, mkasi bado mkononi.

Nani angemwamini? Mtu kauombea ubao mabaya leo, kesho yake umevunjika, na nyumbani yuko peke yake. Akaviweka vipande pamoja, akavifunga gango kwa fito na matambara kama mguu wa mgonjwa, akafunga zipu. Alijiambia atasema wakati wa kula. Wakala. Atasema kabla ya kulala. Bata akalala, tena kwa kukoroma.

Barabara ilikuwa na matuta. Kwenye la kwanza fundi aligeuka kuutazama mfuko. Kwenye la pili alisikia, au alidhani amesikia, ufito ukilia, mguu wake ukakanyaga breki ambayo haikuwepo. Wifi, ambaye ulimi wake haujawahi kulala njaa, akamuuliza kama ana mimba au anaogopa gari, mbona anatoka jasho kana kwamba mzigo kaubeba yeye. Bata alikuwa anaeleza jinsi atakavyokuwa wa kwanza majini, wenzake hawajavua hata viatu. Kila neno lilimwingia mkewe kama sindano chini ya ukucha. Akaiona ile zipu ikifunguliwa huko mbele ya watu, na yeye hayupo hata wa kujieleza.

Tuta jingine. Wifi akatazama kioo.

"Kaka, ubao wako unakatika huko nyuma. Umesikia ngoma gani?"

Bata alicheka. Mkewe hakucheka.

"Umekatika kweli," alisema. "Jana. Ni mimi. Simamisha gari, wifi."

Walisimama kando ya barabara. Bata alifungua zipu, akafungua matambara moja moja, huku mkewe akimwaga yote kwa mkupuo: stuli, magoti, mkasi, na lile neno la mezani ambalo lilimfunga mdomo. Bata alipitisha kiganja juu ya ubao polepole, kama anayempapasa mtu mwenye homa, mpaka kikasimama karibu na palipovunjika. Palikuwa na vibonyeo viwili vya duara, vimekaa sambamba.

"Mwenye hasira hapigi magoti," alisema.

Mkewe akaanza kupumua.

"Lakini lile neno ulilisema, na ulilimaanisha."

"Nililimaanisha," alisema mkewe.

Wifi alishuka kutazama gurudumu ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

Bata alisema kipande cha mbele kinamtosha mtu anayejifunza kwa kulalia tumbo, kwa hiyo atakwenda nacho na atajieleza. Akakirudisha mfukoni, akaikunja turubai iliyobaki tupu, na kipande cha nyuma akamkabidhi mkewe akipakate mpaka kituoni.

Kazi ya kufundisha hakuipata. Waliokuja na ubao mzima walikuwa wengi. Hoteli ilimweka kuwaangalia waogeleaji, akamaliza msimu, akarudi nyumbani. Kipande cha mbele alikiacha huko, na watoto wa wapishi hukilalia kwenye maji madogo. Kipande cha nyuma mkewe alikipiga msasa akakitundika ukutani kuwa rafu ya nyuzi. Wifi aliuza pikapu, akaolewa mji mwingine. Bata na mkewe bado wako pamoja, na wanasikilizana. Bata alishanunua ubao mwingine. Anauweka kwa jirani.