Neno la Mlangoni

…ni nani, anauliza Achille, mtangazaji, kipaza sauti mkononi, meno yote nje, "Mama Pélagie, Uvira yote iko inakungojea, ni nani?", na vibao viwili vya kura viko mapajani mwa Pélagie chini ya meza ya majaji, chekundu cha Alliance, cha bluu cha Noella, haya, chagua basi kama unavyochagua nyanya, taa hizi za televisheni zinamchoma hadi poda inamtiririka shingoni, Thaddée, mwongozaji wa mchezo, ameshainua chekundu, Émérance wa redio ameinua cha bluu, imebaki kura yake tu, na binti mmoja kati ya hawa wawili atapanda jukwaani kuimba nafasi ya yule mama wa mchezo anayerudi kutoka ukimbizini, Bukavu, Bujumbura, na mbele huko, na mwingine atarudi nyumbani na viatu mkononi… chekundu basi, kuna nini cha kufikiri, Alliance ni wake, amemlea kwenye kwaya pale Nyamianda tangu mtoto ana pengo mdomoni, amemfundisha kupumua, kusimama, kusema, hapana minye, Alliance, minye ni ya sokoni, sema mimi, na leo mtoto ameimba kama maji ya mtungi, hata unyasi hamna, pale mama anapofika kwake na kubisha, ni mimi, fungueni, ni mimi, ukumbi mzima ulipiga makofi, Pélagie naye alipiga, fahari imemjaa kifuani, sasa mbona mkono hauinuki… ni huyu Noella, huyu wa Sange, aliyeteleza, maana aliteleza, karatasi inasema mimi, naye kwenye noti ya juu kabisa akaachia ni minye, mbele ya kamera, na Thaddée akamwinamia Pélagie sikioni, "Umesikia? Huyu binti iko anaharibu Kiswahili," na iko yake mwenyewe, ya sokoni vilevile, haioni, nyani haoni kundule, na Pélagie akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ameharibu, lakini vinyweleo vya mikono vilikuwa vimemsimama, kwa nini visimame, labda ni ile e ya minye, mwalimu wa sauti anajua, i inabana koo kule juu, e inafungua kinywa, ndiyo, ni ufundi tu… uongo, Pélagie, mwongo mkubwa weye, si e, ni mlango, mlango wa bati wa mama yake, siku ile watu walipoanza kurudi kutoka ng'ambo ya mpaka, naye mmoja wao, mchana kweupe na barabara kimya, yeye msichana wa shule na Kiswahili chake cha vitabuni, akabisha, na ndani sauti ya Mama, nyembamba kwa woga, "Ni nani?", naye akajibu vizuri, kama alivyofundishwa, ni mimi, na badala ya komeo kufunguka akasikia meza inaburutwa, inasukumwa mlangoni, ni mimi!, kikaburutwa kitu kingine tena, mama mzazi anamzibia mtoto wake njia, hadi akapasuka kwa hasira na kilio, "Mama, ni minye! Ni minye, Pélagie!", na meza ikaanguka huko ndani, na mikono ile, na harufu ile ya mawese, "Kumbe ni weye! Minye nilizani ni mugeni, nani wa huku anasemaka ni mimi?", wakacheka hadi wakalia, au walilia hadi wakacheka, imepotelea wapi siku hiyo miaka yote hii… na mchezo huu ni mlango huo huo, Mungu wangu, mwanamke amerudi, anabisha, na Alliance ameimba bila kosa na hakuna mama wa Uvira atakayemfungulia, na aliyemfundisha hivyo ni nani kama si Pélagie, inauma, inauma kweli, tazama mtoto anavyomtazama, haombi, ametulia tu, ana hakika naye kama alivyo na hakika na kitanda chake, atamwambia nini kesho kwenye mazoezi, umeimba vizuri mno, binti yangu, ndiyo maana… nani ataelewa hilo, mama yake Alliance ataelewa?… "Mama Pélagie," Achille anacheka, "tuko tunangoja jibu! Ni nani?", na vibao bado viko mapajani, taa bado zinachoma, na kabla mkono haujashika rangi yoyote midomo yake imeshajibu, bila sauti, kwa neno lile alilomkataza Alliance miaka yote.